Ng'ombe Tisini na Tisa wa Koko Nalepo

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu hapa Kitengela na kompyuta begani, mkaketi kwenye kiti cha dirishani na kuniambia, "Shosho, nimeshaweka ile programu ya takwimu, sasa ni-click wapi?", leo nawajibu wote kwa pamoja. Usibonyeze popote. Weka mikono magotini, kunywa chai, unisikilize kwanza. Nilifanya kazi ya takwimu katika ofisi ya mifugo kule Kajiado tangu miaka ya tisini mpaka nilipostaafu, na makosa yangu yote makubwa niliyafanya kwa kubonyeza kabla ya kuangalia. Moja kati ya hayo lilikaribia kumnyima bibi mmoja wa Kimuka mbuzi wake, na hilo ndilo nataka kuwasimulia. Nikipotea njiani mnivumilie, maana mambo mengine yananichekesha hadi leo na siwezi kuyapita bila kuyataja.

Kwanza mjue kwamba sikusomea takwimu. Niliajiriwa kupiga taipu. Nilizaliwa katika familia ya wakulima waliotoka Kiambu wakanunua shamba huku Kitengela, na nilichojua kuhusu hesabu ni madebe ya mahindi. Siku moja ofisi ikaletewa kompyuta, ikawekwa katika chumba pekee chenye kufuli nzuri, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na vidole vyepesi, nikaambiwa, "Wambui, hii ni yako." Nilifurahi sana. Jioni ile nilikwenda nyumbani nikaanza kuifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, kama kile kilichofunika redio yetu. Kilipokamilika nikaivisha, na nikawa nafanya kazi huku imevaa, nimeacha skrini peke yake wazi. Wiki ya pili ikaanza kuzima yenyewe kila ikifika saa tano asubuhi.

Aliyenitoa kwenye ujinga huo alikuwa Bwana Adan, ofisa wetu wa takwimu. Watu wa kwao ni wa kaskazini mashariki, na ndugu zake walikuwa wakiuza mifugo soko la Kiserian. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyeweza kufikiri bila chai ya iliki mkononi. Aliinama, akaigusa ile mashine kwa nyuma, akaondoa kitambaa changu kwa vidole viwili.

"Wambui, hii kitu inapumua. Umeifunika pua."

"Nilikuwa naikinga vumbi, Bwana Adan."

"Sawa. Ifunike ikilala. Ikiwa macho, iache."

Hivyo ndivyo alivyonifundisha mambo yote, kwa maneno machache na bila kunicheka usoni. Kucheka alikwenda kuchekea nje, nilimsikia.

Programu yetu ya kwanza ilikuja katika disketi kadhaa, na ilikuwa na skrini ya buluu isiyo na picha hata moja. Uliandika amri, ukabonyeza kitufe, ukangoja. Ukikosea herufi moja ilikataa, ukikosea fikra ilikubali. Hapo pa mwisho pasomeni mara mbili. Nilipelekwa Nairobi siku tatu kujifunza, nikarudi nimevimba kichwa, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa fomu za wafugaji waliokuwa wamechanjiwa mifugo. Katika fomu zile mwanamume tulimwandika 1 na mwanamke tukamwandika 2, kwa sababu mashine inameza tarakimu haraka kuliko maneno. Mimi nikaiamuru inipe wastani wa kila kitu. Ikanipa. Nikachapa, nikapeleka kwa Bwana Adan, nikasimama kungoja sifa.

Alisoma taratibu. Kisha akaweka kikombe chini.

"Hapa umeandika wastani wa jinsia ni moja nukta nne."

"Ndiyo. Imehesabu yenyewe."

"Huyu mtu ambaye ni moja nukta nne, nimtafute wapi? Ako mwanaume ama ako njiani anakuja kuwa mama?"

Niliona aibu, lakini siku hiyo ndipo nilipoelewa kazi. Mashine haijui 1 ni mwanamume. Haijui hata kama ni ng'ombe, umri au namba ya nyumba. Wewe ndiye unayejua, na usipoiambia itajumlisha na kugawanya kwa heshima zote na kukupa upuuzi wenye nukta. Kwa hiyo kabla ya yote, chukua daftari ya kawaida, ya karatasi, uandike kila safu ina nini, na kila tarakimu ndani yake maana yake ni nini. Mtu akija miaka mitano baadaye asome daftari yako aelewe. Nina daftari zangu zote mpaka sasa, zimeliwa pembe na panya lakini zinasomeka.

Na mengine madogo ya mkono, nikiwa hapo hapo. Kila fomu iandike namba kwa kalamu nyekundu juu kulia, na namba hiyo iwe ya kwanza kuingia kwenye mashine, ili ukiona jambo la ajabu kwenye skrini uweze kurudi kwenye karatasi yenyewe. Hifadhi kazi kila fomu kumi. Sisi umeme ulikuwa ukituacha bila kwaheri, na mimi nimewahi kulia machozi ya kweli kwa ajili ya fomu hamsini. Faili la kwanza ulilojaza, liweke kando, usiliguse tena; fanyia mambo yako kwenye nakala. Na kuuliza si ujinga. Mimi niliwauliza madaktari wa mifugo, nikawauliza madereva, nikamuuliza hata mpishi wa kantini maana yeye ndiye alikuwa anajua ni nani kweli alikwenda kijijini na ni nani alijaza fomu akiwa amekaa pale akila mandazi.

Sasa nije kwa Koko Nalepo, yaani Nyanya Nalepo kwa Kimaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, ukame umeisha lakini umewaacha watu pabaya. Kulikuwa na mizoga ya ng'ombe kila mahali. Shirika moja la msaada likasema litatoa mbuzi wa kuanzia kwa maboma yaliyobakiwa na mifugo michache, ila linataka orodha, na orodha itoke ofisini kwetu. Masharti yalikuwa mepesi: boma lenye ng'ombe chini ya kumi linapata, lenye zaidi halipati. Fomu zikatengenezwa. Upande wa Kimuka akapewa Parsaloi, mtumishi wetu wa mifugo, Mmaasai wa huko huko, baba wa watoto watatu, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa daktari yeyote. Alizunguka kwa miguu wiki mbili, akarudi na soli ya kiatu imefungwa kwa kamba, akaniwekea fomu mezani.

Nilizijaza zote kwenye mashine kwa siku nne. Katika nyingi kati ya hizo, kwenye swali la idadi ya ng'ombe, Parsaloi alikuwa ameandika 99. Niliziona. Siwezi kuwadanganya eti sikuziona. Nilisema moyoni, "Kumbe hawa watu wanajificha na mali," nikaendelea kugonga. Kisha nikaiambia mashine initolee maboma yenye ng'ombe chini ya kumi, na kwa mbwembwe nikaongeza wastani wa ng'ombe wa kila boma. Wastani ukatoka mkubwa kupita ule wa kabla ya ukame.

Hapo ndipo kila mtu mwenye akili alipaswa kusimama. Hakuna aliyesimama. Mkubwa wetu wa ofisi alisoma karatasi ile, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Niliwaambia," akasema. "Mmaasai hawezi kukosa ng'ombe. Anakuonyesha wawili, wengine wako kwa mjomba." Tukacheka sote. Bwana Adan alikuwa likizo kwao, Parsaloi alikuwa amekwenda kuchanja upande wa Namanga, na orodha ikatiwa mhuri ikaenda.

Nataka mnisikie vizuri hapa. Programu haikukosea. Sikukosea hata herufi. Kosa lilipita kwa sababu lilifanana na tulichokuwa tunaamini tangu zamani, na jibu linalokufurahisha huliangalii mara mbili. Siku hizi mkiniletea matokeo na nyuso zinameta, mimi huanza kwa kuuliza ni nini mlichotarajia kukiona. Mkiniambia mmeona kile kile, ndipo navaa miwani.

Nilimfahamu Koko Nalepo kwa bahati tu. Siku ya Jumatano, wakati mbuzi walikuwa wanangojewa Jumatatu inayofuata, nilitumwa Kimuka kupeleka nakala ya orodha kwa chifu. Dereva aliniacha hapo akaenda kutafuta petroli Ngong. Kulikuwa na watu wamesimama mbele ya ofisi ya chifu wakisikiliza majina yakisomwa, na bibi mmoja mwembamba, kichwa kimenyolewa vizuri, shanga shingoni, alikuwa amesogea mbele kabisa ili asipitwe. Jina lake halikusomwa. Alimwomba chifu arudie. Likakosekana tena. Hakupiga kelele. Aligeuka, akaniona nimesimama juani na faili langu, akanihurumia mimi.

"Takwenya," akanisalimu.

"Iko," nikajibu. Salamu za Kimaa nilikuwa nimefundishwa na Parsaloi.

"Wewe ni mgeni na jua ni kali. Kuja unywe chai. Kwangu ni hapa tu."

"Hapa tu" kwa Kimaa ni mwendo wa nusu saa, lakini nilikwenda. Boma lilikuwa safi, limefagiliwa, na kimya. Alinipa kigoda, akachochea moto, akanipa chai. Ilikuwa strungi. Niliishika mkononi nikiitazama. Nyinyi mliokulia mjini hamtaelewa nilivyoshtuka, lakini katika boma la Mmaasai mgeni hapewi chai isiyo na maziwa kama maziwa yapo. Akaona ninavyotazama.

"Kunywa, mama. Maziwa hakuna. Ukame ilichukua wenyewe."

"Koko, unaitwa nani?"

"Nalepo."

Nikafungua faili magotini. Nilikuwa na orodha nzima ya maboma, si wale waliochaguliwa tu. Nikashuka na kidole hadi nikalifikia boma lake. Nalepo, ng'ombe 99.

Nikamuuliza polepole, "Koko, yule kijana wa ofisi yetu alipokuja, Parsaloi, ulimwambia uko na ng'ombe wangapi?"

Alinitazama kama nimetukana. Kisha akakumbuka kwamba mimi ni mgeni, uso ukalainika.

"Mimi niseme ng'ombe ni ngapi? Hapana. Hiyo hatusemi. Ukitaja hesabu yao, unaita mbaya ije ichukue. Na hawa wamebaki kidogo hivi, niwatajie? Nilimwambia Parsaloi, wewe ni mtoto ya hapa, unajua. Akasema anajua, akaandika yake."

Akaandika yake. Kijitabu cha maelezo ya fomu, nilichokuwa nimekipiga taipu mimi mwenyewe kwa vidole hivi, kilisema: mtu asipojibu, andika 99. Maana yake ni "hakujibu". Nilipaswa kuiambia mashine kwamba 99 si ng'ombe, ni ukimya, iiruke isiihesabu. Ni amri ya mstari mmoja. Nairobi walitufundisha siku ya pili, baada ya chakula cha mchana.

Nilimwambia ukweli hapo hapo. Nilisema, "Koko, ni mimi. Jina lako limekosekana kwa sababu yangu. Mashine inadhani una ng'ombe wengi sana."

Aliuliza ni wengi namna gani. Nikamwonyesha kwa mkono, nikizungusha boma lote na kilima cha pili. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Basi waambie hao ng'ombe ya mashine wakuje jioni, tuwakamue!"

Nilicheka naye, lakini nilitoka pale nikiwa na hofu. Sikumwonea huruma yeye tu. Wote waliotii mila, wazee hasa, wajane, wale maskini waliobaki na wachache wakaogopa zaidi kuwataja, wote walikuwa ni matajiri kwenye karatasi yangu. Waliopata ni vijana waliosoma, waliotaja idadi bila kujali. Na lori lilikuwa linakuja Jumatatu.

Nisimame kidogo niwaeleze jambo hili kwa hesabu, halafu turudi. Chukua maboma matano ya kubuni. La kwanza lina ng'ombe wanne, la pili sita, la tatu watano, la nne watatu, na la tano mwenyewe hakujibu ukaandika 99. Jumlisha ugawe kwa tano: utapata wastani wa ishirini na tatu na kitu. Hakuna boma hata moja lenye ishirini na tatu! Toa ile 99, wastani unakuwa wanne na nusu. Sasa zipange zote kutoka ndogo hadi kubwa, hata na hiyo 99 ndani, utazame iliyo katikati: ni tano. Ile ya katikati haitishwi na mtu mmoja mwenye kelele. Na kabla ya wastani, kabla ya ya katikati, kabla ya michoro yenu ya rangi, iambie programu ikupe jedwali la kila jibu na limetokea mara ngapi. Amri hiyo ipo katika kila programu niliyowahi kuigusa. Ningeitumia, ningeona hakuna boma hata moja lenye arobaini, hamsini, sabini, halafu ghafla kundi zima liko 99 sawasawa. Ng'ombe hawazaani hivyo.

Alhamisi asubuhi Bwana Adan alikuwa amerudi. Nilimkuta anachemsha chai, nikamweleza yote nimesimama. Hakushangaa.

"Nyanya yangu pia," akasema. "Ngamia hakuwahi kuwahesabu kwa mdomo. Ukimuuliza, anakwambia tu, wako. Parsaloi ameandika kitu pembeni?"

Tulitoa fomu za karatasi. Pembeni mwa kila 99, kwa ule mwandiko wake mzuri, Parsaloi alikuwa ameandika: "Anakataa kuhesabu, ni mila. Mifugo inaonekana michache." Kila fomu. Nilizishika kwa mikono yangu siku nne na sikusoma hata moja, kwa sababu skrini haikuwa na mahali pa kuweka maneno ya pembeni. Tangu hapo sijaamini fomu ambayo haijaachiwa nafasi ya mtu kulalamika.

"Nitafanya nini, Bwana Adan?"

"Utaenda kwa mkubwa umwambie. Wewe, sio mimi. Kosa moja haliachi mke, lakini kosa la kufichwa linaacha."

Nilijikaza kisabuni, nikaingia. Nilijua anaweza kunirudisha kwenye taipu, na taipu zenyewe zilikuwa zinauzwa kama vyuma chakavu. Nilimweleza. Akauliza kwa ukali, "Wambui, ulipoona tisini na tisa zote hizo, ulikuwa unafikiri nini?"

"Nilikuwa nafikiri kama wewe, bwana mkubwa."

Sijui nilitoa wapi ujasiri ule. Alikumbuka kicheko chake, nami nikaona amekumbuka. Akaniambia shirika litakubali orodha mpya likiipata kabla ya Jumapili usiku, lakini halitakubali maneno ya "inaonekana michache". Wanataka idadi ya kila boma. Akatupa gari.

Hapo ndipo tulipokwama kabisa. Unahesabuje ng'ombe wa mtu ambaye kwake hesabu ni laana? Mkubwa alisema tukawahesabu wenyewe wakitoka malishoni. Parsaloi, aliyekuwa amerudi kutoka Namanga na kukuta amekuwa habari ya ofisi, alikataa katakata. "Nitasimama kwa mlango ya Koko nikinyoosha kidole kwa ng'ombe yake? Nitaishi wapi baada ya hapo?" Kisha akasema neno ambalo lilinifungua akili. "Yeye mwenyewe hahitaji hesabu. Jioni anasimama tu, anajua nani hajaingia. Anawajua kwa sura, mmoja mmoja."

"Anaweza kutuambia kuhusu hao mmoja mmoja?" nikauliza.

"Kuwasifu ng'ombe yake? Huyo utamnyamazisha wewe."

Basi usiku huo nikatengeneza fomu nyingine. Mpaka siku ile nilidhani mstari mmoja kwenye mashine lazima uwe boma moja, na ng'ombe wawe tarakimu ndani ya mstari. Nikageuza. Mstari mmoja, ng'ombe mmoja: namba ya boma, rangi yake, na alikotoka. Safu ya idadi niliifuta kabisa. Nyinyi mnayo majina makubwa ya mpangilio huo kwenye vitabu vyenu, mimi niliupata kwa kubanwa.

Ijumaa na Jumamosi tulizunguka maboma yote yaliyokuwa na 99. Koko Nalepo tulimkuta ameketi nje. Parsaloi alimweleza kwa Kimaa, na uso wa bibi ukachangamka. Alianza na yule mwekundu mwenye pembe iliyoinama, aliyetoka kwa mahari ya binti yake, mkaidi, mpenda chumvi. Akaja yule wa madoa aliyekuwa amebebwa mgongoni akiwa ndama wakati wa mafuriko. Aliwasifu kila mmoja kwa muda mrefu, akiiga hata anavyotembea. Kisha, sikutegemea, akaanza kuwataja waliokufa. Parsaloi alishusha kalamu. Nikamwambia aandike nao, tukaongeza safu nyingine: yupo, au hayupo. Bibi alilia kidogo, nami nililia zaidi yake, halafu akatuambia tunywe chai twende kwa jirani kabla jua halijazama.

Jumapili tuliingiza yote. Nikaiambia mashine, wachukue walio hai peke yao, na kwa kila boma hesabu mistari. Ikahesabu bila sauti. Hakuna mdomo uliotamka idadi ya ng'ombe wa mtu, na ya Koko Nalepo sitaitaja hata leo. Ilikuwa chini ya kumi, hiyo inawatosha. Safari hii nilitoa jedwali kwanza, nikalisoma mstari kwa mstari na Bwana Adan upande mmoja na Parsaloi upande wa pili, na saa kumi na moja jioni orodha mpya ikaondoka.

Mnaniuliza mara kwa mara programu ipi ni bora, ile ya kununua au hizi za bure, ile ya kuandika amri au ile ya kubonyeza. Nimetumia za aina zote. Baadaye zilipokuja zenye kipanya na vidirisha, nilipata mwanafunzi wa chuo aliyekuwa akibonyeza kila jaribio lililokuwepo, na siku moja akanijia mbio kwamba amegundua namba ya fomu inahusiana sana na idadi ya mbuzi. Ni kweli ilihusiana. Mhojaji alianzia barabarani kwenye maduka akamalizia porini kwenye mifugo, na fomu zilipewa namba kwa mpangilio huo. Programu yoyote ingemwambia hivyo, na hakuna hata moja ambayo ingemwambia sababu. Anza na ile ambayo jirani yako anaijua, ili umuulize.

Jumatatu lori lilifika Kimuka limejaa kelele za mbuzi. Nilikwenda, ingawa hakuna aliyenituma. Majina yalisomwa, na la Nalepo lilisomwa mapema. Alisogea, wakamshushia mbuzi wake. Bwana mmoja wa shirika, kijana mwenye haraka, akamwekea karatasi na kidau cha wino mbele. "Koko, hesabu mbuzi wako uweke kidole hapa." Bibi alimshika wa kwanza kidevuni, akamtazama machoni, akahamia kwa mwingine, hivyo hivyo mpaka wa mwisho, kisha akaweka kidole. Kijana alitaka kubisha, Parsaloi akamwambia, "Amewaona wote. Endelea."

Alipokuwa anaondoka na mbuzi wake alinipita, akasimama, akaniita kwa sauti ya juu.

"Pakine!"

Nikageuka nyuma kutafuta anayeitwa. Parsaloi alikuwa anacheka.

"Ni wewe," akaniambia. "Mtu akikupatia mbuzi, mnaacha majina ya zamani. Yeye anakuita Pakine, na wewe unamwita hivyo hivyo. Mpaka kufa."

"Lakini mwambie mbuzi si wangu! Mimi ndiye nilimtoa kwenye orodha."

Parsaloi alimwambia. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akaninyooshea fimbo.

"Hao watu ya lori hata hawanijui. Wewe ulikuja ukasema kosa ni yako, ukarudi ukaandika ng'ombe yangu, hata wale walikufa. Mimi najua mbuzi yangu imetoka kwa nani. Pakine!"

Alikuwa anangoja nijibu, na watu wote walikuwa wametugeukia. Nikamwitikia, "Pakine," na tangu siku ile mpaka tulipomzika sikumwita Koko tena.